Kesi ya Kumbatio katika Nchi ya Fumbati

Njia ya kwenda Fumbati haina haja ya kusimuliwa. Inatosha kujua kwamba Bi Mwantumu Shekue aliondoka kwake akiwa mzima, akafika akiwa mzima, na akarudi akiwa na jambo la kueleza.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kando ya kizimba akiyageuza maneno ya majaji yawe Kizigua, na maneno ya washtakiwa na mashahidi yawe Kiswahili. Baada ya kustaafu nyumba yake ilinyamaza sana, kwa hiyo siku barua ilipomkuta barazani akichambua choroko, aliisoma mara mbili kwa furaha ya kupata tu kitu cha kusoma.

Barua ilitoka kwa Baraza la Maana la Fumbati. Iliandikwa hivi: “Tunaomba mtu aliyefanya kazi ya maneno, asiye na ndugu wala rafiki hapa kwetu, aje atueleze jinsi neno kukumbatia linavyotumika kwingineko. Kuna mwanamke ambaye hatima yake imo ndani ya neno hilo.”

Bi Mwantumu aliwapa majirani choroko zile, akafunga mlango, akaenda.

Aliyempokea mpakani alikuwa Bwana Kadiri, Afisa wa Kumbatio, mtu mrefu mwembamba wa miaka hamsini hivi, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri na kutundika futi ya fundi cherehani shingoni. Alisimama hatua mbili mbali naye, akaweka mikono nyuma.

“Shikamoo, Bi Mkalimani. Uniwie radhi kwa kutosogea. Tunakaribisha wageni kwa umbali huu.”

“Marahaba, baba. Huo umbali ni wa nini?”

“Ni wa usalama wako,” alisema Bwana Kadiri. “Hujui nina nini ndani yangu.”

Pale pale mpakani palikuwa na meza ndefu, na mezani walikaa mume na mke. Mume alikuwa ndiyo kwanza anarudi baada ya miaka miwili ya kufanya kazi ng'ambo. Kila mmoja alishika karatasi za mwenzake, zilizoitwa Orodha ya Yaliyomo, akizisoma kwa kidole. Bwana Kadiri alieleza kwamba orodha ile ina kila kitu kilichomo ndani ya mtu: anayoyaamini, aliyoyatenda, anaowachukia, anayoyaficha. Kabla ya kumbatio ni lazima kila mmoja asome ya mwenzake na atie sahihi kila kifungu. Mke alikuwa amefika kifungu cha kumi na nne. Alisoma, akarudia, kisha akaweka kalamu chini.

“Hapa imeandikwa humtaki mdogo wangu akae kwetu.”

“Nilisema ukweli,” alijibu mume.

“Najua. Lakini hicho siwezi kukikumbatia.”

Hawakugombana. Waliinuka, wakachukua begi la mume wakalishika, huyu upande huu na yule upande ule, wakaenda nyumbani huku begi likiwa katikati yao. Bi Mwantumu aliwatazama mpaka wakapotea.

Njiani Bwana Kadiri alimpa historia. Hapo awali, alisema, neno lile lilikuwa na maana tatu katika Fumbati. Ya kwanza ilikuwa kumzungushia mtu mikono. Ya pili, kukubali jambo kwa moyo wote, kama mtu anayekumbatia dini. Ya tatu, kuzunguka mahali, kama ukuta unavyokumbatia mji. Mahakimu walichanganyikiwa, na mawakili waliitumia nafasi hiyo. Ndipo ilipoamuliwa kwamba sheria haiwezi kulilea neno lenye maana tatu, na zote zikaunganishwa ziwe moja.

“Ikawa ipi?” aliuliza Bi Mwantumu.

“Zote. Ukimzungushia mtu mikono, umekubali kwa moyo wote kila kilichomo ndani yake, na mwili wako umekuwa ukuta wake.”

“Na watu wanakumbatiana mara ngapi kwa mwaka?”

Bwana Kadiri alifikiri. “Wilaya yangu ni tulivu,” alisema. “Mwaka jana tulikuwa na makumbatio sita, na mawili yalibatilishwa.”

Siku ya pili ilikuwa siku ya serikali kukumbatia mpango wa maji, na mgeni alipelekwa kuona. Katikati ya uwanja palikuwa na tangi la saruji, kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Kwa kuwa maana ni moja, serikali haiwezi kukubali mpango bila kuuzungushia mikono. Waziri wa Maji alivua koti, akalisogelea tangi, akabandika shavu lake kwenye saruji, akanyoosha mikono kadiri alivyoweza. Bwana Kadiri alipima pengo lililobaki kati ya ncha za vidole upande wa pili. Mjumbe mmoja wa upinzani alisimama akasema pengo lile ni ushahidi kwamba serikali haina nia ya dhati. Mjumbe wa upande wa waziri alijibu kwamba nia iko kifuani, na kifua cha waziri kiligusa tangi bila shaka yoyote. Mjadala ukaahirishwa hadi wiki ijayo. Wanawake waliokuwa wamesimama na ndoo tupu waliondoka kuelekea mtoni.

“Na mabomba yako wapi?” Bi Mwantumu aliuliza.

“Mabomba ni suala la utekelezaji, Bi Mkalimani. Linafuata baada ya kumbatio.”

“Tangi hili lilianza kukumbatiwa lini?”

“Miaka minne iliyopita,” alisema Bwana Kadiri, akikunja futi yake kwa uangalifu.

Jioni ile aliruhusiwa kumwona mshtakiwa, yule mwanamke aliyetajwa kwenye barua. Aliitwa Tulizo, mfinyanzi wa vyungu, mwenye vidole vifupi vyenye nguvu na udongo uliokauka kwenye kucha. Walikaa wakiwa wametengana kwa hatua mbili. Bi Mwantumu alimwomba amweleze mwenyewe kilichotokea, kwa maneno yake.

Tulizo alikuwa na kaka aitwaye Kimori. Miaka tisa nyuma, Kimori alinyimwa kazi ya ulinzi wa ghala la mbegu, na kwa hasira akalichoma moto. Mbegu za mji mzima ziliteketea. Msimu ule watu walikula majani, na baadhi ya wazee hawakuuvuka. Kimori alifungwa miaka tisa akaitumikia yote.

“Siku ya kutoka nilikwenda kumwangalia,” alisema Tulizo. “Kumwangalia tu, kwa mbali. Nilisikia watu wanasema amekufa, nikataka kuhakikisha. Geti likafunguliwa akatoka. Amekonda, nywele nyeupe. Ameshika mfuko wa plastiki wenye sabuni na shati moja. Alisimama pale barabarani akatazama huku, akatazama kule, hajui aende upande gani. Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nilishtukia filimbi ya askari inalia, na mimi ninaye mikononi.”

“Hukusoma orodha yake?”

“Sikusoma.”

“Wanasema umekumbatia moto. Ukihukumiwa utafungwa miaka tisa kama yeye.”

“Nimeambiwa.” Tulizo aliangalia mikono yake. “Mama, mbegu zangu pia zilikuwa ndani ya ghala lile. Binti yangu alilala na njaa msimu mzima. Ule moto sijausamehe, na sijui kama nitausamehe. Mimi nilimkumbatia Kimori.”

 Bi Mwantumu alitamani kumshika mkono, akakumbuka yuko wapi.

Baraza la Maana lilikutana kesho yake asubuhi katika ukumbi wenye viti vilivyotenganishwa kwa vipimo. Mwenyekiti alikuwa Bi Thabiti, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu alinyamaza ili aisikie. Tulizo alisimama mbele. Kaka yake Kimori aliketi nyuma kabisa, peke yake, na viti vyote vilivyomzunguka vilikuwa vitupu.

Aliyesimamia mashtaka ni Mjumbe Hadhari. Bi Mwantumu alitegemea kumwona mtu mkali, lakini Hadhari alizungumza taratibu, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

“Baba yangu alifariki msimu ule,” alisema. “Alikuwa akinipa mimi chakula chake na kusema ameshiba. Kimori ametumikia kifungo chake, sina neno naye. Lakini kila nikiambiwa kuna mtu amemkumbatia, nasikia kwamba kifo cha baba kimezungushiwa mikono na kupewa pole. Sheria hii inanilinda nisisikie hivyo. Ndiyo maana naitetea.”

 Bi Mwantumu, aliyekuwa amekuja na moyo wa kuicheka sheria ile, aliona kicheko kimemwisha.

Akaitwa mbele. Bi Thabiti alimwomba aeleze matumizi ya neno kwao, naye akaeleza kama alivyozoea, bila kupamba. Kwao, alisema, viongozi huhimiza watu wakumbatie teknolojia, na hakuna anayeikimbilia kompyuta kwa mikono miwili. Magazeti huandika kwamba fulani anawakumbatia waovu, maana yake anawalinda. Mtu hukumbatia dini. Milima hukumbatia kijiji. Mtoto hukumbatia mto akalala.

“Na mnatofautishaje?” aliuliza Bi Thabiti.

“Tunasikiliza sentensi nzima, Mheshimiwa.”

Makarani waliandika jambo hilo kwa mshangao mkubwa.

Mjumbe Hadhari aliinuka. “Hayo ni maneno, Bi Mkalimani, na tunakushukuru. Lakini nataka kukuuliza kitu kingine. Wewe mwenyewe, umewahi kukumbatiwa na mtu ambaye ilikuwa haki yake kukuchukia?”

Bi Mwantumu alishika ukingo wa meza. Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, hata marehemu mumewe.

“Mara moja,” alisema.

Akasimulia. Miaka kumi na minne nyuma, mahakamani, kijana mmoja alipatikana na hatia ya kumuua mwenzake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Hatia ilikuwa ya kweli. Jaji alimhukumu miaka thelathini, akasoma hukumu kwa lugha ambayo mama wa kijana hakuielewa. Mama yule aliitwa Kidawa, mwanamke wa milimani, na yule alikuwa mwanawe wa pekee. Basi maneno yote ya jaji aliyapokea kutoka mdomoni mwa Bi Mwantumu. Aliyemwambia kwamba mtoto wake ni muuaji, kwa jinsi masikio yake yalivyosikia, alikuwa Bi Mwantumu. Aliyetamka ile miaka thelathini alikuwa yeye.

“Watu walipotoka nilibaki nakusanya karatasi zangu,” alisema. “Nikamwona anakuja. Nilijua anakuja kunipiga, na niliona ni sawa anipige. Nikaweka karatasi chini. Akafika, akanikumbatia. Akanishika muda mrefu, kisha akaenda zake.”

“Alikukumbatia kwa maana ipi?” Hadhari aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Sijui. Mimi ni mtu wa kufasiri, na hilo sikuweza kulifasiri. Kama sheria yenu ni ya kweli, basi alikuwa ameikubali ile hukumu kwa moyo wote, akawa ukuta wa aliyemtamkia. Siamini hivyo. Ninachojua ni kwamba wiki ile nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu maneno niliyokuwa nayatoa kinywani yalikuwa yananiumiza usingizini. Baada ya siku ile niliichana. Nikafanya kazi miaka mingine kumi na miwili, nikawasemea watu mia kadhaa ambao pengine wangekosa wa kuwasemea. Yote yale nayaweka kwenye mikono ya yule mama. Na sikumwambia asante.”

 Hadhari akakaa, akafunika uso kwa karatasi zake.

Bi Thabiti aliwauliza wajumbe maoni yao. Hapo karani mkuu, mtu makini sana, aliomba kutoa tahadhari. Kama ikiamuliwa kwamba kuzungusha mikono si kukubali, alisema, basi mipango mia mbili na kumi na miwili ambayo serikali imeikumbatia tangu sheria ipitishwe itakuwa haijakubaliwa na mtu yeyote. Mawaziri watakuwa wameigusa tu. Jambo hilo liliwatia wajumbe hofu kuliko hatima ya Tulizo, na mjadala ukaendelea mpaka saa tisa alasiri. Mmoja alipendekeza mikono ihesabiwe nusu ya kukubali. Mwingine alitaka ndugu wa damu waruhusiwe kukumbatiana upande mmoja wa mwili.

Mwishowe Bi Thabiti aligonga meza kwa kidole. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na sita, ametia sahihi orodha nyingi, na hakuna hata mara moja alipomaliza kusoma yaliyomo ndani ya mtu. Akaamua maana zitenganishwe. Wananchi warudishiwe ya kwanza, waitumie watakavyo. Mawaziri wasikumbatie tena chochote. Wakitaka mpango, wauseme kwa maneno haya mawili: nimekubali, nimeanza. Waziri wa Maji aliomba kuthibitishiwa kama neno la pili ni la lazima. Akajibiwa ni la lazima. Wiki ile, inasemekana, mabomba yalionekana uwanjani.

Tulizo akaachiwa huru. Kimori aliinuka kule nyuma, lakini hakuthubutu kusogea, kwa kuwa Mjumbe Hadhari alikuwa amesimama njiani kwake.

“Mimi sitakukumbatia,” Hadhari alimwambia.

“Sijaomba, ndugu yangu,” alisema Kimori. “Ningekuwa wewe, hata mimi nisingeweza.”

 “Nenda kwa dada yako,” alisema Hadhari, akasogea pembeni kumpa njia.

Nje ya ukumbi habari zilikuwa zimeshaenea, na watu walikuwa wakijaribu. Ilikuwa kazi. Waligongana videvu. Wengine walisimama wakiwa wamenyoosha mikono, wakisubiri kuambiwa kichwa kinakaa bega gani. Bibi mmoja alimkumbatia mumewe kwa nyuma, kwa kuwa hakupata maelekezo mengine, na mumewe akatulia hivyo hivyo akifuta machozi. Wale wawili wa mpakani nao walikuwepo. Begi hawakuwa nalo. Tulizo na Kimori walikaa kwenye ngazi, bega kwa bega.

Bwana Kadiri alimjia Bi Mwantumu na futi yake mkononi. Kwa mara ya kwanza alisimama hatua moja.

“Nimepima makumbatio miaka ishirini na miwili,” alisema. “Mimi mwenyewe la mwisho lilikuwa la mama yangu, nilipokuwa naanza shule. Naomba kuuliza kitaalamu. Linachukua muda gani?”

“Halina kipimo, baba. Mmoja akilegeza, mwenzake atajua.”

Bwana Kadiri aliitia futi mfukoni, akamkumbatia. Mwanzoni alikuwa mgumu kama mlango, mikono yake haijui iende wapi. Kisha kitu kikamlegea mabegani, na uzito wake wote ukamjia Bi Mwantumu, naye akausimamia kwa miguu yake miwili ya uzee mpaka yule bwana alipopumua na kujiondoa. Alimshukuru kwa unyenyekevu, akaenda kutafuta dada yake, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa tatu na ambaye hakuwa ameonana naye tangu mazishi ya mama yao.

Bi Mwantumu alirudi nyumbani kwake. Hakukaa hata wiki. Alivaa kanga safi, akapanda milimani, akaulizia nyumba ya Mama Kidawa mpaka akaonyeshwa.

Alimkuta uani akimenya mihogo. Alikuwa amezeeka sana, lakini kisu kilikwenda vizuri mkononi mwake. Bi Mwantumu alimsalimu kwa Kizigua, akajitambulisha. Mama Kidawa alikodoa macho.

“Wewe ndiye uliyenipa yale maneno,” alisema.

“Ndiyo, mama. Nimekuja kukushukuru. Ulinikumbatia siku ile, na mimi sikusema kitu. Imenichukua miaka kumi na minne.”

Mama Kidawa aliweka kisu chini, akacheka kidogo bila sauti. “Kunishukuru mimi? Mwanangu, mimi niliona magoti yako yanatetemeka. Nikasema huyu ataanguka, na sakafu ya mahakama ni saruji tupu. Nikaja kukushika.”

“Kumbe ni hivyo tu.”

“Ni hivyo. Na kukushukuru pia.”

“Kwa lipi, mama?”

“Jaji alisema mengi, mimi sikusikia kitu. Wewe uliponigeukia, kabla ya kusema lolote, uliniita mama. Nilijua jaji hakulisema hilo. Ni wewe uliyelitia.”

 Mkalimani haruhusiwi kuongeza hata neno moja. Angeweza kufukuzwa kazi kwa hilo. Bi Mwantumu alijaribu kukumbuka kama kweli alilisema, na hakukumbuka. Lakini yule mama alikuwa nalo, amelitunza miaka yote hiyo, na hakuwa na sababu ya kulitunga.

“Mwanao hajambo?” aliuliza baadaye.

“Hajambo. Amejifunza useremala huko ndani. Kaniandikia kwamba atanitengenezea kitanda akitoka.” Mama Kidawa alisogea kwenye mkeka kumpa nafasi. “Kaa, basi. Kuna kisu kingine pale dirishani.”

Bi Mwantumu akakaa. Walimenya mihogo yote, wakapika, wakala, wakazungumza juu ya mvua, na miguu, na binamu wa mbali ambaye ilionekana wote wawili wanamjua. Alipoinuka kuaga, hakusubiri kufuatwa. Alimkumbatia yule mama yeye kwanza, kwa mikono yote miwili. Kisha akashuka mlima na mihogo mitatu ndani ya kanga, akishukuru njia nzima, mara moyoni, mara kwa sauti, na waliokutana naye waliitikia wakidhani ni salamu.